Kipande cha Lynch

Paukwa!

Pakawa.

Basi sogeeni, wapwa zangu. Mwenye miguu mirefu aikunje, mwenye mihogo aimalize kabla sijaanza. Leo mmoja wenu ameniuliza swali ambalo watu wazima wengi hawajawahi kujiuliza. Ameniuliza hivi: “Mjomba, mtu anaweza kwenda kwao, halafu huko kwao awe hajazaliwa wala hajawahi kuishi?”

Swali zuri. Zuri sana. Aliyeuliza apewe kashata.

Mnamjua mtoto wa Kichaga aliyezaliwa Dar es Salaam? Desemba ikifika, anapandishwa basi la Moshi pamoja na mabegi na kuku wa plastiki wa mdogo wake. Anakwenda kwao. Kule kuna kihamba cha babu. Kuna migomba, kuna mibuni, kuna udongo ambao baba ataugawa kwa wanawe. Mtoto hakuzaliwa pale, lakini ukimuuliza, “Kwenu wapi?” anajibu bila kuwaza.

Hapo ni rahisi. Udongo upo. Ila mimi nina swali jingine, gumu kidogo. Je, kama udongo si wenu? Kama nyumba si yenu, duka si lenu, na hata shimo alimofanya kazi babu si lenu? Bado patakuwa kwenu?

Hilo nitalijibu kwa hadithi. Ni hadithi ya kweli tupu, isipokuwa anayeisimulia. Anayeisimulia ni kipande cha shaba, na mnajua shaba haina mdomo. Leo nimekiazima wangu.

“Mimi ni Kipande,” akaanza. “Ni mdogo, naenea kwenye kiganja cha mtoto. Nina tundu juu la kunitundikia. Tumboni nimegongwa namba. Jina sina, namba ninayo. Natoka Lynch.”

Lynch ni wapi? Ngoja nimsaidie Kipande, maana yeye amezoea kukaa mfukoni na ramani haijui. Lynch ni mji mdogo wa Marekani, katika jimbo la Kentucky, kaunti ya Harlan. Umebanwa kwenye bonde jembamba, chini ya mlima uitwao Black Mountain. Ndio mlima mrefu kuliko yote Kentucky. Urefu wake ni mita 1,263, kwa hiyo Kilimanjaro ukiuona utausalimia kama mjukuu. Lakini msiudharau. Ndani ya milima ile mna makaa ya mawe.

Najua mtauliza. “Mjomba, makaa ya mawe si ni mkaa tu?”

Hapana, mpwa wangu, ila si mbali. Mkaa wa jikoni umetoka kwenye mti uliokatwa juzi juzi. Mti wa makaa ya mawe ulianguka zamani mno. Zamani kiasi gani? Kama miaka milioni 300 iliyopita. Hapakuwa na ndege wa kuruka angani. Hapakuwa na dinosauri bado. Palikuwa na vinamasi vikubwa na mimea minene. Mimea ikaanguka kwenye maji, ikafunikwa na matope kabla haijaoza yote. Juu ya matope yakaja matope mengine, na mchanga, na mawe. Uzito ukakandamiza. Joto la chini likapasha. Pole pole, pole pole, mimea ikawa jiwe jeusi linalowaka. Kwa hiyo mchimbaji wa makaa, akiinua beleshi, anainua msitu.

Na jiwe hilo lilitakiwa kwa nini? Kwa chuma cha pua. Ukitaka kuyeyusha mawe ya chuma, unahitaji moto mkali sana, na moto huo ulipatikana kwa makaa yaliyookwa kwanza kwenye tanuri bila hewa. Mwaka 1917 Marekani iliingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Meli zilihitaji chuma. Mizinga ilihitaji chuma. Reli zilihitaji chuma. Kampuni kubwa ya chuma, U.S. Steel, ikatazama huku na huku, ikaliona bonde lile. Kampuni yake ndogo, U.S. Coal and Coke, ikaanza kujenga mji mwaka huo huo. Ikaupa mji jina la Thomas Lynch, mtu aliyewahi kuwa rais wa kampuni hiyo.

Hapo Kipande anakohoa. Anataka kuendelea mwenyewe. Haya, Kipande.

“Nilipofika, mji ulikuwa unanukia mbao mpya. Nyumba zilipangwa safu kwa safu. Palikuwa na hospitali, hoteli, duka kubwa, makanisa na shule. Mgeni akifika aliuliza maswali. Nyumba hii ya nani? Ya kampuni. Duka lile la nani? La kampuni. Hospitali ya nani? Ya kampuni. Barabara? Ya kampuni. Na mlima ule je? Kilichomo ndani yake, cha kampuni. Na mimi Kipande, nilikuwa wa nani? Wa kampuni vilevile. Mtu akianza kazi anapewa. Akiacha kazi anarudisha.”

“Mjomba, sasa watu walikuwa na nini?”

Ndiyo maana nawapenda, mnauliza kabla sijafika. Watu walikuwa na vyombo vyao, nguo zao, na wao kwa wao. Kodi ya nyumba ilikatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujaonekana. Vitu vya dukani vilikatwa pia. Hata beleshi la kupakilia makaa, wachimbaji wengi wa zama hizo walilinunua kwa fedha yao wenyewe. Kabla ya siku ya malipo, aliyepungukiwa aliweza kuchukua sarafu za kampuni. Zilikuwa za chuma, nzuri, zinang’aa. Ila ukizipeleka kwa muuzaji mwingine zilikuwa hazina kazi. Zilinunua kwenye duka la kampuni tu. Mtu anafanya kazi kwa kampuni, analala kwa kampuni, anakula kwa kampuni. Akifukuzwa kazi, amefukuzwa na nyumba siku hiyo hiyo.

Lakini niwe mkweli. Kwa wakati ule na kwa milima ile, Lynch ulikuwa mji mzuri. Nyumba zilikuwa imara kuliko za vijiji vya jirani. Daktari alikuwepo. Walimu walikuwepo. Je, kampuni ilikuwa na huruma? Sidhani. Ilijua tu kwamba mwanamume mwenye mke na watoto wanaosoma vizuri hahamihami. Kazi mbaya ikawekewa mji mzuri.

Na watu walitoka wapi, maana bonde lilikuwa na watu wachache? Walitoka kila upande. Wengine walikuwa wenyeji wa milima. Wengine walivuka bahari kutoka Italia, Hungaria, Poland na nchi za jirani, wakashukia New York bila kujua neno la Kiingereza, wakapakiwa kwenye treni. Na wengine wengi walikuwa Wamarekani Weusi kutoka kusini, hasa jimbo la Alabama. Hao ndio wenye hadithi ya leo.

“Kwa nini walihama kwao?”

Sikilizeni vizuri hapa. Mababu zao walikuwa watumwa mpaka mwaka 1865. Utumwa ukapigwa marufuku, lakini ardhi ikabaki kwa waliokuwa mabwana. Mtu huru asiye na shamba atalima wapi? Akalima kwenye shamba la mwingine, akamgawia mavuno. Mbegu anakopeshwa, jembe anakopeshwa, unga anakopeshwa. Mwisho wa mwaka mwenye shamba anafungua daftari lake. “Bado unadaiwa.” Mwaka unaofuata, bado unadaiwa. Mwingine tena, bado unadaiwa. Daftari analo yeye, kalamu anayo yeye. Na mtu mweusi akibisha, palikuwa na makundi ya watu waliomwendea usiku kumpiga au kumuua. Nasema hivyo tu, mengine mtayasoma mkikua.

Basi mawakala wa migodi wakaja Alabama. Wakasema, “Kuna kazi Kentucky. Mshahara kila nusu mwezi. Nyumba ipo. Shule ya watoto ipo.” Wenye mashamba hawakupenda kupoteza watu wao, kwa hiyo familia nyingi ziliondoka kimya kimya, usiku, bila kuaga jirani. Baba alitangulia. Mama na watoto wakafuata. Walikuja na sufuria, Biblia na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi.

“Mimi namkumbuka mchimbaji wangu,” anasema Kipande. “Alikuwa kijana mrefu. Siku ya kwanza alinishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mende.”

Kipande, nawe, eleza kazi yako.

“Kazi yangu ilikuwa kusema mtu yuko wapi. Asubuhi tunaanzia nyumba ya taa. Pale mchimbaji anachukua taa yake na kipande chake. Kwenye ubao kuna misumari yenye namba. Ukitazama ubao unajua nani yumo mgodini na nani hayumo. Jioni kila mtu akitoka, namba yake inarudi mahali pake. Namba moja isiporudi, hakuna anayekwenda nyumbani kula. Wanarudi ndani kumtafuta.

“Kazi ya pili ilikuwa kusema makaa ni ya nani. Wangu aliingia ndani, gizani, akatoboa mwamba, akaulipua, akapakia makaa kwa beleshi kwenye kigari. Kigari kikijaa, alinitundika pale ndani. Nikavutwa mpaka nje, kwenye mizani. Karani anapima, anasoma namba yangu, anaandika. Walilipwa kwa tani, si kwa saa. Kusimika nguzo za kuzuia paa lisianguke? Hakuna malipo. Kuondoa mawe? Hakuna malipo. Makaa tu. Kwa hiyo mimi nilikuwa midomo ya mtu aliye chini. Yeye yumo gizani, mimi niko juu nasema: haya ni yake.”

Umesema vyema. Na makaa ya Lynch yalikuwa mengi, wapwa zangu! Tarehe 12 Februari 1923, kwa zamu moja ya saa tisa, walitoa zaidi ya tani 12,000. Wanasema hakuna mgodi duniani uliokuwa umefika hapo. Mji nao ukajaa. Ulipofurika ulikuwa na watu kama 10,000 kwenye bonde ambalo ukirusha jiwe upande huu unasikia likigonga upande ule.

Baada ya kazi, wachimbaji wote walitoka mgodini wamefanana, uso mweusi, macho meupe. Watoto waliokuwa wakisubiri barabarani walimtambua baba kwa mwendo tu. Lakini wakishaoga, kila mtu alikwenda upande wake. Weusi walikuwa na mitaa yao, Wazungu yao. Makanisa mbalimbali. Shule mbalimbali. Sheria ya Kentucky ya mwaka 1904 ilikataza mtoto mweusi na mtoto mweupe kukaa darasa moja.

“Kwa nini, Mjomba? Si baba zao walichimba pamoja?”

Walichimba pamoja. Sababu nzuri hakuna, na mimi sitawatungia. Kuna sheria ambazo ziliandikwa ili watu fulani wakumbushwe kila asubuhi kwamba ni wa chini. Hiyo ilikuwa mojawapo.

Sasa tazameni walichofanya. Shule ya watoto weusi ya Lynch ilijengwa mwaka 1923. Wazazi wakaifanya kuwa jicho la mtaa. Walimu wake walikuwa watu weusi waliosoma vyuoni, wenye heshima zao, na waliishi mtaa mmoja na wanafunzi. Ukivuruga darasani saa nne, mama anajua kabla ya chakula cha mchana. Simu ya nini? Jirani alikuwepo. Mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote, tena kwa viboko pia. Wazee waliokulia pale, wakihojiwa leo, wanazungumzia shule kuliko mgodi. Wanazungumzia bendi, mpira, nguo za Pasaka zilizopigwa pasi, maharage na mkate wa mahindi. Baba zao waliapa jambo moja: “Wewe hutaingia shimoni.”

Maana shimo lilikuwa baya. Paa la mgodi halitoi taarifa linapotaka kuanguka. Gesi haionekani. Na vumbi la makaa linaingia kifuani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hadi mtu anashindwa kupanda ngazi za nyumba yake. Ugonjwa huo wanauita mapafu meusi, na hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Serikali ya Marekani iliweka kiwango cha vumbi linaloruhusiwa migodini mwaka 1969. Kwa wachimbaji wengi wa Lynch, vifua vilikuwa vimeshajaa.

“Wangu alikohoa,” anasema Kipande. “Mimi nilikuwa mfukoni, upande wa kifua. Nilikuwa nasikia.”

Kisha zikaja mashine. Mnadhani mashine ilileta nafuu? Kwa mgongo, ndiyo. Kwa sufuria ya nyumbani, hapana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mashine moja iliweza kukata na kupakia makaa kuliko kundi zima la wenye mabeleshi. Na wenye mabeleshi walikuwa akina nani zaidi? Wachimbaji weusi. Wao ndio waliokuwa wamepewa kazi ya kupakia kwa mikono, na kwenye mashine mara nyingi waliwekwa Wazungu. Kwa hiyo wao wakawa wa kwanza kuambiwa, “Kesho usije.”

Wakaondoka. Vijana walimaliza shule, na wengi wao hata majira hayakubadilika kabla hawajapanda basi. Wengine Cleveland, wengine Detroit, Chicago, New York, Los Angeles. Mdogo anamfuata kaka, binamu anamfuata mdogo. Ghorofa moja kule Cleveland unaweza kukuta mtaa mzima wa Lynch umepanda ngazi.

Ndipo kampuni nayo ikaanza kujivua. Mgodi wa Lango namba 31, uliofunguliwa 1917, ukafungwa 1963. Nyumba zikauzwa kwa waliotaka kununua. Nyingine zikabomolewa. Shule ya watoto weusi ikafungwa miaka hiyo hiyo, kwa kuwa sasa watoto waliruhusiwa kusoma pamoja. Hapo mtafurahi, na mimi nafurahi, lakini msikilize mzee aliyesoma pale akieleza siku mlango ulipofungwa. Haki ilikuja, na shule yake ikaenda. Mtu anaweza kulia kwa yote mawili siku moja.

Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu Lynch watu 747. Kutoka kama 10,000.

Haya, turudi kwenye swali letu. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Ikabomolewa. Kazi ilikuwa ya kampuni. Ikaisha. Kihamba hakuna. Sasa mjukuu aliyezaliwa Detroit ataitaje Lynch kwao?

“Mimi najua!” anasema Kipande. “Mimi nilitoroshwa. Wangu alipotoka kazini mara ya mwisho, hakunirudisha kwenye msumari. Alinitia mfukoni.”

Wizi, Kipande?

“Ulikuwa ukumbusho, Mjomba. Alinitoboa tena, akanitia kwenye pete ya funguo.”

Sawa. Lakini kipande kwenye pete ya funguo hakitoshi. Walihitaji kitu kingine, na walikitengeneza kwa mikono yao. Karibu mwaka 1970, watu wa Lynch na migodi ya jirani waliokuwa wamehamia mijini walianzisha chama. Wakakiita Eastern Kentucky Social Club. Chama hicho kina matawi mji huu na mji ule. Kila mwaka, mwishoni mwa wiki ile ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, wanakutana. Mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji mwingine. Wanakodi hoteli, wanakula, wanacheza muziki, wanawasalimia wagonjwa, wanawataja waliokufa. Na mwezi Mei, kwenye sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, wengi hufunga safari hadi Lynch penyewe. Magari yenye namba za majimbo ya mbali yanapanda bonde lile. Jengo la shule ya zamani bado lipo, na wanachama hulitumia kwa mikutano yao.

Mnaona walichofanya? Kihamba cha Mchaga kinakaa mahali pake hata usipokwenda. Hiki cha watu wa Lynch kinataka kazi kila mwaka. Mtu wa kuandika barua. Mtu wa kukusanya michango na kusumbua wasiolipa. Mtu wa kupika. Mtu wa kuwabeba wazee kwenye gari. Wakiacha mwaka mmoja, miwili, mitatu, kimekwisha. Mimi, kwa maoni yangu, nawaheshimu zaidi kwa hilo. Kurithi udongo ni bahati. Kurithi orodha ya majina na kuiandika upya kila mwaka ni jasho.

Kuna mtoto wa mchimbaji aliyezaliwa Lynch mwaka 1946, anaitwa William H. Turner. Alisoma mpaka akawa profesa. Akafanya kazi na Alex Haley, yule aliyeandika habari za Kunta Kinte. Mnamjua Kunta Kinte? Waulizeni baba zenu, walimtazama kwenye televisheni. Basi Turner naye akaandika juu ya watu weusi wa milima ile, na kitabu chake kuhusu Harlan kilitoka mwaka 2021.

Na kuna Karida Brown. Huyu ndiye jibu la swali la kashata. Yeye hakuzaliwa Lynch. Wazazi wake ndio walikulia pale, kisha wakahama. Yeye alikulia New York, mbali na mlima, lakini kila mara wazazi walipompeleka Kentucky walisema wanakwenda nyumbani. Akashangaa. Nyumbani kwa nani? Akakua, akawa mtaalamu wa elimu ya jamii, akabeba swali lake lile lile la utotoni na kinasa sauti. Akazunguka nchi nzima akiwahoji wazee, zaidi ya mia moja. Wazee wakampa na picha, barua na vyeti vya shule vilivyokuwa chini ya vitanda. Vyote vimewekwa kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Mwaka 2018 akatoa kitabu. Mnaona mwuliza maswali anavyofika mbali? Ongezeni kashata.

“Mjomba, na kabla ya Lynch, wao wa wapi?”

Alabama.

“Na kabla ya Alabama?”

Hapo tunagonga ukuta, mpwa wangu. Mtu mweusi wa Marekani akitafuta mizizi yake anarudi nyuma sensa kwa sensa. 1940, babu yupo. 1920, baba wa babu yupo. 1900, 1880, bado. Anafika 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Akifungua ya 1860, majina yamekwisha. Kuna jina la mwenye watumwa tu, na chini yake mistari: mwanamume, miaka 30. Mwanamke, miaka 22. Mtoto wa kike, miaka 3. Basi. Huyo wa miaka 3 alikuwa bibi wa mtu. Aliitwa nani? Karani hakuuliza.

Wengine huupita ukuta kwa wosia wa bwana, hati ya mauzo, au daftari la kanisa. Wengine hawaupiti. Ndiyo maana Lynch ina uzito. Pale majina yapo yote. Pale mtu anaweza kusema, huyu ni baba wa babu yangu, alikaa nyumba ile, aliimba sauti ya nne kanisani, namba yake ilikuwa hii.

“Namba ndiyo mimi,” anasema Kipande kwa kujidai.

Ndiyo wewe, na unyamaze kidogo. Ukitaka kuona ndugu zake, nenda Lynch. Lango namba 31 siku hizi linapokea wageni. Unavaa kofia, unapanda kitreni, unaingizwa ndani kutazama. Na mji wa Benham, ambao ni pua na mdomo na Lynch, una makumbusho ya makaa ya mawe ndani ya duka la zamani la kampuni ya huko. Mwaka 2017 makumbusho hayo yaliwekewa paneli za umeme wa jua kwenye paa, ili kupunguza gharama. Makumbusho ya makaa, yanawashwa na jua! Kipande aliposikia alinuna siku nzima.

Sasa tuseme mko kwenye mkutano wao wa Septemba. Hoteli imejaa. Mtoto mmoja wa miaka tisa, mzaliwa wa Detroit, anapita na sahani. Mzee aliyekaa kwenye kiti anamshika mkono.

“Wewe wa nani?”

Mtoto amefundishwa. Anamtaja mama yake. Mzee anatikisa kichwa, bado. Anamtaja bibi yake. Mzee anakunja uso, anakaribia. Anamtaja baba wa bibi, na mtaa, na nyumba ilikuwa ya ngapi kutoka kanisani, nyumba ambayo ilibomolewa kabla mama yake hajazaliwa.

“Ahaa!” mzee anapiga paja. “Yule mrefu? Yule alikopa beleshi la baba yangu!”

“Alirudisha?” mtoto anauliza.

“Hakurudisha. Kaniitie mama yako.”